Kumfundisha chotara wa Saluki kurudi akiitwa: mwongozo kwa wafugaji wa Dar es Salaam

Maswali ya wanaoanza kufuga chotara wa Saluki, mbwa wa mbio anayewinda kwa macho, ni yaleyale. "Nyumbani ananisikia, nikifika ufukweni hanijui." "Ameua kuku wa jirani, nimfunge mnyororo?" "Anakula vizuri, mbona mbavu zinaonekana?" "Atalinda nyumba?" Yote yatajibiwa hapa chini, lakini kazi kubwa ya mwongozo huu ni moja: kumfanya mbwa anayeweza kupita kilomita 60 kwa saa ageuke katikati ya uwanja na kurudi kwako.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mbwa huyu hukimbia kwa jicho. Jicho likishanasa kitu kinachokimbia, sikio linafunga. Ukimwita wakati huo unapoteza sauti yako, na unamfundisha kwamba neno lako linaweza kupuuzwa. Mwito hushindwa au hushinda katika ile sekunde moja au mbili kabla hajachomoka: kichwa kimeinuka, masikio yamesogea mbele, mkia umetulia, mguu mmoja wa mbele pengine umening'inia. Mafunzo yote yanayofuata yanajengwa juu ya sekunde hiyo.

Mbwa mwenyewe

Saluki ni mbwa wa kale wa nchi za Kiarabu na Uajemi. Mabedui walimtumia kukimbiza swala na sungura jangwani, ambako windo huonekana kabla halijanuswa, na mbwa huenda mbali na mwenyewe akijiamulia njia ya kulikata. Uingereza na Ireland hutumia jina lacha kwa chotara wa mbwa anayewinda kwa macho na mbwa wa kazi, na baadhi ya watu humwita hivyo pia chotara wa aina mbili za mbwa wa macho. Huyu wetu ni lacha mwenye damu ya Saluki.

Usimpime kwa kipimo cha jemani (German Shepherd). Jemani alizalishwa afanye kazi akikutazama usoni. Saluki alizalishwa afanye kazi akiwa amekupa mgongo. Mwambie jemani "kaa" mara ishirini, atakaa mara ishirini. Chotara wa Saluki atakaa mara tatu, mara ya nne atakutazama, mara ya tano atakwenda kulala kivulini. Si ujinga wala jeuri. Amekwisha kuelewa na haoni sababu ya kurudia. Kwa hiyo zoezi moja lirudiwe mara tatu hadi tano, basi, hata kama anafanya vizuri, na hasa kama anafanya vizuri.

Ndani ya nyumba ni mpole na hulala saa nyingi. Kwa wageni ana haya. Moyo wake ni mwepesi: ukimfokea leo, kesho atakuzunguka kwa mbali. Hakomai upesi pia. Wengi hutulia wakikaribia miaka 2, na kati ya miezi 7 na 14 hata aliyefunzwa vizuri husahau jina lake. Kama ulimtaka kwa ulinzi, mtafute mwingine kwa kazi hiyo. Huyu atasimama, atatazama, atabweka mara mbili, kisha atarudi nyuma. Usijaribu kumfundisha ukali, maana mbwa mwenye hofu akifundishwa kuuma huuma kwa hofu, na mara nyingi anayeumwa ni mtoto.

Damu aliyochanganywa nayo inabadili kazi yako. Akiwa na damu nyingi ya grehaundi, yule mbwa wa mashindano ya mbio, kasi yake ni ya ghafla na pumzi ni fupi. Baada ya mita mia kadhaa anachoka na unaweza kumkuta. Damu ya Saluki ndiyo inayoleta pumzi ndefu, na mwenye pumzi ndefu ndiye anayepotea, kwa sababu hukimbiza kilomita baada ya kilomita. Aliyechanganywa na koli, mbwa wa kuchunga kondoo, husikiliza zaidi, ila hushtushwa na milio na hupenda kuzungukia mbuzi, watoto na bodaboda. Aliyechanganywa na mbwa wetu wa kienyeji huwa mgumu wa mwili na mjanja wa barabara, lakini huchelewa kumwamini mtu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkanda wa shingo mpana, sentimita 4 hadi 5. Kichwa cha mbwa huyu ni chembamba kuliko shingo, hivyo mkanda wa kawaida huvuka masikio mara anaporudi kinyumenyume. Mpelekee fundi wa mabegi akushonee wa kujibana: mkanda wenye pete mbili mwishoni, na kitanzi kifupi kinachopita kwenye pete hizo, ambacho ndicho hufungwa kamba. Ukivutwa, pete zinakaribiana na mkanda unajaa shingo. Pima hivi: ukivutwa mpaka mwisho, kati ya pete mbili ibaki nafasi ya vidole viwili. Pete zikigusana, mkanda ni mkubwa na mbwa atachomoka.
- Mkanda wa kifua wenye pete mgongoni. Kamba ndefu hufungwa hapa tu, haifungwi shingoni. Mbwa wa kilo 25 akifika mwisho wa mita 10 akiwa mbioni, kinachosimama ghafla ni shingo yake.
- Kamba fupi ya mita 1.8.
- Kamba ndefu ya mita 10, ya nailoni, unene wa milimita 8 hadi 10. Maduka ya Kariakoo huuza kwa kupima. Isiwe na fundo wala kitanzi mwishoni, visije vikanasa kwenye kisiki au mguu wa mtu.
- Glavu. Kamba ya nailoni ikipita mkononi kwa kasi huchuna ngozi.
- Filimbi mbili zinazofanana, moja ya akiba. Chukua nyembamba isiyo na kidonge ndani. Ile ya duara hupigwa na askari wa barabarani, walinzi na waamuzi wa mpira, na mbwa wako ataisikia siku nzima bila kupewa kitu.
- Zawadi ya chakula. Chemsha nusu kilo ya maini au firigisi bila chumvi wala kitunguu kwa dakika 15, kata vipande vidogo kama punje ya harage, gandisha kwenye friji kwa mafungu. Toka na fungu la zoezi moja tu na kinachobaki kitupe. Kwa joto letu ini halikai. Maini mengi huharisha, basi changanya na kuku au samaki asiye na miiba.
- Fimbo ya mkimbizo: mwanzi wa mita 1.5, kamba ya mita 2, na mwishoni kipande cha ngozi ya mbuzi au kitambaa kizito.
- Kikapu cha mdomo cha waya, chenye nafasi ya kutosha kuhema na kunywa maji.
- Maji lita 2 na bakuli.

Hakikisha amechanjwa kichaa cha mbwa (kuanzia wiki 12, kisha marudio kama daktari wa mifugo atakavyopanga) pamoja na magonjwa ya parvo na distempa. Uzio uwe na urefu wa mita 1.8 au zaidi, na usiache pipa, tenki wala banda la kuku karibu na ukuta. Hapo ndipo atakapopandia.

Hatua

1. Chagua neno moja, watu wote wa nyumbani walitumie.
Usichague "njoo". Mtaani kwetu neno hilo halikauki: mama anaita watoto, konda anaita abiria, muuza mboga anaitwa getini. Kwa mbwa linakuwa kama kelele za feni. Chukua "hapa" au neno lolote fupi lisilosemwa ovyo. Baba, watoto, dada wa kazi na mlinzi wa geti wote walijue, na wote wakubaliane kwamba neno hilo halitumiki kumwita mbwa aje kugombezwa, kuogeshwa, kupewa dawa wala kufungwa. Kwa mambo hayo mfuate mwenyewe alipo.

2. Unganisha filimbi na chakula. Siku 7.
Wakati wa mlo, piga filimbi mara tatu fupi, kisha weka bakuli. Usimwite, usimwambie akae. Siku ya tatu anza kupiga akiwa chumba kingine. Siku ya sita atakuja mbio kabla sahani haijagusa sakafu. Ongeza mara tano kwa siku filimbi na kipande cha ini, kwa nyakati asizozitegemea. Filimbi inafaa kuliko sauti kwa sababu haibadiliki: wewe ukiwa na hasira au hofu sauti yako inabadilika, na mbwa huyu anaisikia tofauti hiyo na kusita.

Kosa la hapa ni kupiga filimbi kwa majaribio, "nione kama atakuja," bila chakula mfukoni. Kwa miezi 6 ya kwanza kila filimbi ilipwe.

3. Mzoeshe kushikwa mkanda.
Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayozalisha yule mbwa anayerudi mpaka mita mbili kisha anaruka pembeni, anazunguka, hakamatiki. Fanya hivi: mpe kipande kwa mkono wa kushoto kikiwa kimegusana na goti lako, na wakati anatafuna, mkono wa kulia uguse mkanda chini ya kidevu. Achia. Baada ya siku mbili, shika kwa sekunde moja. Kisha sekunde tatu, kisha funga kamba, mpe kipande, fungua kamba, mwache aende. Mpango ni kwamba katika kila mara 10 anazokuja na kushikwa, mara 9 anaachiwa aendelee na shughuli zake. Akijua kushikwa si mwisho wa raha, hatakuwa na sababu ya kukwepa.

4. Kamba fupi mtaani.
Toka mapema, saa 12:15 asubuhi, lami ikiwa bado baridi. Tembea. Kamba ikikaza, simama kimya, ikilegea, endelea. Usimvute kwa mshituko, shingo yake ndefu haina nyama ya kuikinga. Dakika 20 zinatosha.

Asubuhi hiyo njiani kuna watoto wa shule na watu wanaotoka msikitini. Mtoto anayekimbia ni kichocheo kama paka, na majirani wengi Waislamu hawataki mate ya mbwa yaguse nguo zao za kuswalia. Fupisha kamba, vuka upande wa pili, mbwa awe upande wa ukuta na wewe uwe upande wa watu. Salamu kwanza, mbwa baadaye. Mtaa unaokuelewa ndio utakaokupigia simu siku mbwa akipotea.

5. Kamba ndefu: uani, kisha uwanjani. Wiki 4 hadi 8.
Funga kamba kwenye mkanda wa kifua. Iburute ardhini, wewe uwe karibu na mwisho wake. Usiizungushe mkononi hata siku moja; akichomoka kamba itakaza na vidole vitavunjika. Ikibidi kumzuia, ikanyage kwa kiatu huku ukilegeza goti, usiidake.

Mwache anuse. Akikutazama mwenyewe bila kuitwa, mpe kipande. Hilo ni dhahabu kwa mbwa wa namna hii. Kisha, akiwa hafanyi jambo la maana, piga filimbi (ile milio mitatu mifupi) mara moja tu. Akigeuka, rudi nyuma hatua tano hadi sita kwa haraka, maana kinachokimbia kinamvuta. Akifika, vipande vitatu vifuatane, kimoja kimoja, vyote gotini, mguso wa mkanda, halafu "nenda". Miito mitatu hadi minne kwa zoezi, basi.

Asipogeuka, usirudie filimbi. Hesabu sekunde tatu, okota kamba, ikusanye taratibu mpaka ageuke, rudi nyuma, mlipe kidogo. Kisha jiulize ulikosea wapi: ulikuwa mbali mno, au ulipiga wakati jicho limeshanasa? Karibu kila mara ni moja ya hayo mawili.

Badilisha mahali. Mbwa huyu akijifunza uani Tabata anajua "uani Tabata". Fanya uwanja wa shule siku zisizo na wanafunzi, kiwanja kitupu, kisha ufukwe. Coco Beach Jumapili jioni hapafai, watu ni wengi mno. Asubuhi ya katikati ya wiki, au fukwe tulivu za Kigamboni maji yakiwa yamepwa na mchanga mgumu umejitokeza, ni afadhali. Ufukweni angalia samaki waliotupwa na wavuvi. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ana sumu kali hata akiwa amekauka, na mbwa akimmeza anaweza kupooza na kufa.

6. Fimbo ya mkimbizo.
Huwezi kuifuta hamu ya kukimbiza, lakini unaweza kuifanya iwe mali yako. Mbwa asimame, wewe shika mkanda. Buruta ngozi chini, isirushwe juu, kwa mistari mirefu na mipindo mipana. Sema "kamata", achia. Mwache aikamate kila mara ya tatu au ya nne, avute kidogo, kisha mpe ini puani huku ukisema "acha". Akiachia, mchezo unaanza upya. Hivyo anajifunza kwamba kuachia windo hakumalizi windo.

Akishazoea, ongeza jambo moja: ngozi ikiwa inasogea polepole, piga filimbi. Akikugeukia, hata kwa nusu sekunde, mlipe kwa "kamata". Hii ndiyo mara ya kwanza atakaposikia filimbi huku jicho likiwa na kazi, na ndiyo mazoezi ya karibu zaidi na hali halisi unayoweza kuyafanya bila hatari.

Dakika 5 kwa zoezi, mara tatu kwa wiki. Chini ya mwaka mmoja: dakika 2, bila kuruka wala kona kali, kwa sababu mifupa ya miguu mirefu bado inakua. Usifanye kwenye sakafu ya saruji wala vigae.

7. Kunguru, mbuzi, kuku, paka. Kwa mpangilio huo.
Anza na kunguru. Wako kila mahali jijini, hawajali, na hawakamatiki. Mbwa awe kwenye kamba ndefu, mita 40 kutoka walipo. Akiwaona na kichwa kuinuka, filimbi papo hapo. Akigeuka, zawadi kubwa kuliko kawaida. Asipogeuka, mko karibu mno. Rudini mita 20. Akifaulu mara 8 katika 10, sogea mita 5.

Kisha mbuzi aliyefungwa, kwa ruhusa ya mwenye mbuzi. Kisha kuku. Kuku ni mgumu kwa sababu anapiga mabawa na kupiga kelele, hivyo hapa mvalishe kikapu cha mdomo mapema na umzoeshe nacho nyumbani kwa wiki nzima ukimlisha kupitia matundu. Paka ni wa mwisho. Paka anayetembea na paka anayekimbia ni viumbe wawili tofauti machoni pa mbwa huyu. Anaweza kulala na paka wa nyumbani kochi moja na bado akamkimbiza huyohuyo nje. Usiwaache peke yao, hata baada ya miaka.

Kama ameshaua kuku wa jirani, nenda kamlipe jirani kabla hajaja kwako, kisha rudi hatua ya 5. Kumfunga mnyororo hakutibu kitu. Kunazidisha hamu, na mnyororo ukikatika ni hatari mara mbili. Kumpiga na yule kuku kama wazee wengine wanavyoshauri kunamfundisha kukuogopa wewe. Kuku anabaki mtamu.

8. Kumfungua.
Usifungue mpaka awe amejibu filimbi ya kwanza mara 50 mfululizo kwenye kamba inayoburuta, katika sehemu tano tofauti. Mara ya kwanza iwe ndani ya uzio. Mfungue akiwa amekwisha kutembea dakika 20, si pale anaposhuka tu kwenye gari. Mwite ndani ya dakika moja ya kwanza, mlipe, mwachie. Usimfungue na mbwa mwingine mwenye kasi: wawili wakianza kukimbiza, hakuna anayesikia.

Barabara zenye bodaboda, karibu na mifugo, na jioni yenye giza, kamba ibaki. Wapo wachache, hasa wenye damu nyingi ya Saluki, ambao hawatafunguliwa kamwe nje ya uzio, na wanaishi vizuri kwa kamba ndefu na fimbo ya mkimbizo. Usimpeleke maporini. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na kusema "nilikuwa namfanyisha mazoezi" hakutakusaidia ukikutwa msitu wa Pande au wa Pugu mbwa akiwa na mnyama wa porini mdomoni.

Joto, kupe na sindano

Desemba hadi Machi, baada ya saa 2 asubuhi hakuna mazoezi ya kasi. Weka mgongo wa mkono kwenye lami sekunde 7. Ukishindwa, nyayo zake zitashindwa. Akihema kwa kelele, ulimi ukawa mwekundu sana na mpana, akayumba: kivulini mara moja, maji ya kawaida ya bomba mwili mzima, hasa tumboni na kwapani, na upepo wa feni au kanga. Anza kumpoza kwanza, kisha mkimbize kwa daktari. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. 41 ni dharura.

Asikimbie saa moja kabla ya kula wala saa mbili baada ya kula. Kifua chake ni kirefu na tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda, jambo linaloua kwa saa chache.

Mbavu: mbavu tatu za mwisho na ncha za nyonga kuonekana kidogo ni afya. Majirani watasema unamnyima chakula, wavumilie. Ukiona uti wa mgongo wote na paja limelegea, hapo kuna njaa, minyoo au ugonjwa.

Kagua kupe kila jioni, ndani ya masikio yenye manyoya marefu, kati ya vidole, kwapani. Kupe wa hapa huleta homa inayomaliza damu, na dalili ya kwanza mara nyingi ni mbwa mwenye mbio kukataa kukimbia.

Mambo mawili mwambie daktari hata kama hakuuliza. Kwanza, mbwa hawa wana mafuta machache mwilini na baadhi ya dawa za usingizi, hasa thiopentoni, huchelewa kuwatoka, aandae nyingine. Pili, kama ana damu ya koli, aivamektini (dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi) kwa kipimo kinachotumika kutibu upele inaweza kumharibu ubongo, kwa sababu koli wengi hurithi kasoro inayoiruhusu dawa hiyo kupenya. Usinunue chupa duka la dawa za mifugo ukamchoma mwenyewe, hata kama jirani alimchoma wake akapona.

Matatizo na dawa yake

*Anarudi nusu ya njia, anasimama.* Umemkaribia ukiwa umeinama mbele au ulimshika kwa nguvu jana yake. Geuka ubavu, chuchumaa, tazama chini. Rudia hatua ya 3 kwa wiki.

*Hataki zawadi nje.* Ameshiba, au ana wasiwasi. Fanya mazoezi kabla ya mlo. Kama anakataa hata ini la moto, mahali pana makelele mno kwake. Rudi pa kimya.

*Alikuwa mzuri, sasa ana miezi 10 na hasikii.* Ni umri. Rudisha kamba ndefu kwa miezi 2 au 3 bila aibu. Ukiendelea kumfungua kipindi hiki kila kukimbia kunamlipa kuliko ini lako.

*Anaogopa mlio wa bodaboda na anataka kuikimbiza, vyote kwa pamoja.* Kaa naye mita 30 kutoka barabarani dakika 10 kwa siku, kila bodaboda inayopita ni kipande. Sogea taratibu kwa wiki, si kwa siku.

*Amejichana ngozi kwenye mabati au miiba.* Ngozi yake ni nyembamba na hufunguka kama karatasi. Safisha kwa maji yenye chumvi kidogo, funika kwa kitambaa safi, nenda akashonwe siku hiyohiyo. Usitie majivu wala spiriti.

*Amemuuma mtu.* Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa amechanjwa, na kadi ya chanjo iende naye.

*Ameshachomoka, haonekani.* Usimfukuze. Piga filimbi mara moja kila dakika mbili ukiwa umesimama pale alipokuacha, kwa sababu mbwa huyu mara nyingi hurudi kwenye sehemu aliyoanzia. Acha shati lako ulilovaa na bakuli la maji hapohapo, mtu mmoja abaki, wengine waulize walinzi na madereva wa bodaboda wa kijiweni. Akirudi, hata baada ya saa tatu, hata akiwa na manyoya ya kuku mdomoni, mpe alichozoea kupewa gotini, funga kamba, nendeni nyumbani.